Sura ya Sita: Kikombe cha Mzee Ambindwile

Siku ya tatu chai ilipoa tena, ikashika utando, na Wakesho akaimwaga kwenye mgomba kama alivyofanya jana na juzi. Kwa jinsi mgomba ule ulivyokuwa ukinyweshwa chai ya maziwa asubuhi, karibu ungeanza kuagiza na mkate.

Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu uliobanduka karibu na mkono. Hakukuwa na mtu aliyekinywea isipokuwa Mzee Ambindwile. Miezi mitano mfululizo, kabla ukungu haujaondoka juu ya mashamba ya chai ya Suma, mzee yule alikuwa akipanda kijinjia kutoka kwake, anakohoa mara moja kujitambulisha, anaketi juu ya jiwe chini ya mparachichi na nyundo yake mkononi. Hapo anapokea kikombe, anapiga mafunda mawili, halafu anaanza kazi aliyojipangia mwenyewe bila kuombwa na mtu: kunyoosha misumari ya zamani.

Misumari ilikuwa mingi. Paa zima bovu lilikuwa limeng'olewa, na kila msumari ulitoka umepinda kama kidole cha bibi kizee. Mzee aliulaza mmoja juu ya jiwe, akaupiga mara mbili, akautupa koponi. Wakesho, akiwa ameketi mkabala naye na nyundo yake ndogo, alifanya vivyo hivyo. Tok tok, kopo. Tok tok, kopo. Katikati ya milio hiyo mzee alimsimulia habari za Mwadime, marehemu baba yake, ambazo hata mama kule Taita hakuzijua: jinsi alivyoogopa konokono, jinsi alivyoimba kwaya kwa sauti mbaya kuliko wote na bado akasimama mstari wa mbele.

Sasa siku ya tatu jiwe lilikuwa tupu.

Mbwa nao waliona. Walikuwa wawili, Chokaa na Masizi, mmoja mweupe na mwingine mweusi tii, na Wakesho aliwakuta ndani ya nyumba siku aliyofika, wamelala jikoni penye shimo la paa, wakamtazama kama wapangaji wanavyomtazama mwenye nyumba aliyekuja bila taarifa. Tangu hapo hawakumwacha. Alipochanganya saruji walikanyaga saruji. Alipopaka chokaa, Masizi aligeuka punda milia. Na asubuhi hii walikuwa wameketi chini ya mparachichi, mmoja kila upande wa jiwe, wakitazama kijinjia.

"Hata mimi sijui," Wakesho aliwaambia. "Ingieni ndani."

Hawakuingia.

Nyumba ile ya matofali ya kuchoma ilijengwa na baba yake, miaka ile ambayo Mkenya alivuka mpaka kuja kufanya kazi na hakuna aliyemshangaa. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai, na kwa vile majina ya kwao Taita nayo yanaanza na Mwa kama ya Wanyakyusa, watu wa Suma waliamini kabisa kwamba ni ndugu yao aliyepotelea mbali. Ambindwile alimkatia kiwanja pembeni ya kwake. Kisha Mwadime akaenda kwao kumzika mama yake, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa akiwa huko, na ulipofunguliwa alikuwa ameshaanza kuumwa. Alipofariki, alimwachia binti yake ufunguo wa nyumba ambayo haikuwa tena na mlango.

Wakesho aliupokea ufunguo ule akiwa na miaka thelathini na moja na moyo uliopondeka. Kule Voi kulikuwa na mwanamume, na kadi za harusi zilizokwisha kuchapwa. Mwanamume yule hakumwambia lolote baya. Mambo yalianza taratibu: mama mkwe akaacha kupita dukani kwake kumsalimu, halafu mawifi wakaacha, halafu wakawa wanavuka barabara wakimwona. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe ndipo mtu mmoja akamhurumia na kumweleza kwamba harusi haipo. Kwa hiyo, watu wanaponyamaza ghafla, Wakesho alikuwa mjuzi. Alikuwa amesomea jambo hilo mpaka akahitimu.

Ndiyo maana jiwe tupu lilimtia hofu.

*

Kisa chenyewe kilikuwa Lugano.

Lugano alikuwa mtoto wa mwisho wa Mzee Ambindwile, fundi seremala, mrefu, mwenye mazoea ya kuzungumza na misumari mitatu mdomoni. Mwezi wa pili tangu Wakesho afike, alikuja kuweka mlango wa mbele. Mlango ule mmoja ulimchukua siku tisa. Suma nzima ilijua kwamba Lugano huweka mlango kwa nusu siku, na kufikia siku ya nne watu walianza kupita pale kuulizia kama mlango una homa.

Jumatatu iliyopita walikuwa juu, kwenye mihimili mipya ya paa, yeye akipiga misumari na Wakesho akimpitishia mbao. Mvua ya Novemba ilikuwa imejipanga juu ya mlima Rungwe ikisubiri tu wamalize, au wasimalize. Lugano alitoa misumari mdomoni, jambo ambalo kwake lilikuwa kama mtu mwingine kuvua kofia.

"Jioni hii namwambia mzee," alisema.

 Wakesho alimtazama mikono, kwa sababu uso wake ulimshinda kuutazama.

"Mwezi uliopita," alisema, "aliniambia anakutafutia msichana wa hapa. Alikuwa pale kwenye jiwe. Akasema mwanamke wa mbali fijo, mbali sana, mkigombana, anapanda basi. Wa hapa akigombana anakwenda kwa mama yake kilima cha pili, na jioni unamfuata na mkungu wa ndizi."

"Alikuwa hajui."

"Akijua ndiyo atapenda? Sina baba wa kupokea ng'ombe wenu, Lugano. Sina shangazi hapa. Nina mbwa wawili."

"Mbwa watahudhuria." Alikuwa akitabasamu, lakini macho hayakutabasamu; yalikuwa yamemkazia kama mtu anayepima ubao asije akakata vibaya. "Alfajiri naondoka na lori kwenda Mbeya kuchukua mabati. Siku mbili nimerudi. Sitaweza kupita kwako kukueleza, lakini asubuhi utajua jibu lake wewe mwenyewe."

"Nitajuaje?"

"Utajua tu."

Akarudisha misumari mdomoni, na mazungumzo yakaishia hapo. Wakesho alishuka ngazi akijiambia kwamba mzee atakuja, atakohoa, atapokea kikombe, na usoni mwake jibu litakuwa limeandikwa.

Mzee hakuja Jumanne, wala Jumatano. Lugano naye siku mbili zilimwishia barabarani. Watu walioteremka kutoka Mbeya walileta habari kwamba lori limekata ekseli njiani. Na leo ilikuwa Alhamisi.

*

Ndani, Fundi Nsajigwa alikuwa akipiga lipu ukuta wa sebule. Alikuwa mtu wa Bagamoyo, hii ya Tukuyu mjini, si ile ya pwani, na kila siku alimkumbusha Wakesho hivyo kwa hofu kwamba Mkenya angeweza kumdhania mvuvi. Alimwona akirudi na kikombe kitupu, akacheka peke yake.

"Kile kikombe kiweke kabatini, dada," alisema. "Mzee hatakinywea tena mbele yako."

Wakesho alisimama. "Amekwambia hivyo?"

"Aniambie nini? Kila mtu anajua. Jana alikuwa anakwenda kwa jirani yako Enosi, akaona gauni lako kwenye kamba, akageuka akazungukia mtoni. Kwa umri ule." Alitupa lipu ukutani, ikashika. "Ndiyo mambo ya wakubwa hayo. Utazoea."

Alisema kwa furaha kabisa, kama mtu anayetoa pongezi, na Wakesho alishangaa jinsi binadamu anavyoweza kucheka huku anamkata mwenzake. Hata gauni lake kwenye kamba. Wale wa Voi angalau walivuka barabara tu, hawakuvuka mto.

Hakuuliza zaidi. Angeuliza neno moja tu, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini mwanamke aliyewahi kuachwa akiwa na kadi mkononi hupenda kuulizwa, hapendi kuuliza. Alichukua ndoo, akasema anakwenda dukani kutafuta chokaa. Siku hizo chokaa na saruji vilikuwa vimejaa madukani kama ndizi, si kama zamani vya kuombea kibali. Mbwa wakainuka kumfuata.

Njia ya dukani ilipita katikati ya chai. Ukungu ulikuwa chini, na wachumaji walionekana kuanzia viunoni tu, vikapu mgongoni, wakitembea juu ya ule ujani kama watu wanaoogelea. Wakesho alikata kona, na pale mbele yake, hatua ishirini, alikuwa Mzee Ambindwile.

Alivaa koti lake la kila siku na buti za mpira. Alimwona. Wakesho aliuona uso ule, ule aliouzoea kuliko uso mwingine wowote wa nchi hii, ukimtambua, ukilainika nusu nukta kama unaotaka kucheka, halafu ukashtuka. Mzee akafungua mwavuli. Mvua haikuwapo. Aliufungua, akauweka mbele ya uso wake kama ngao, akageuka nyuma yake haraka haraka.

"Baba," Wakesho aliita.

Mzee akaongeza mwendo.

"Baba, nisubiri. Neno moja tu."

Hapo ndipo lilipotokea lile ambalo Suma italisimulia mpaka chai ing'olewe. Mzee wa miaka sabini na mbili, mzee wa kanisa, mwenye wajukuu kumi na wanne, aliruka mtaro na kuingia ndani ya chai. Na Wakesho, badala ya kusimama, aliweka ndoo chini akaruka nyuma yake.

Chai iliyopogolewa vizuri haina mahali pa kupitia. Matawi yalimshika gauni, umande ukamlowesha mpaka mapajani, na mwavuli mweusi uliendelea mbele yake ukipanda na kushuka. Chokaa na Masizi waliona kwamba hatimaye, baada ya siku tatu za huzuni, watu wazima wameamua kucheza. Wakampita Wakesho wakibweka kwa raha, wakamfikia mzee, wakamzunguka, wakarudi kwa Wakesho kumhimiza.

Wachumaji wote walisimama. Mmoja alijifunika uso kwa kanga. Mwingine alisema kitu kwa Kinyakyusa, na wenzake wakashika vinywa. Sauti ya mwanamke mzima ilimfikia Wakesho ikiwa na ukali wa kweli: "We dada, mwache mzee wa watu."

Akasimama. Mbele, mwavuli ulizama nyuma ya migomba na haukuonekana tena. Alipotazama chini aliona buti moja la mpira limenasa kwenye tope la mtaro wa pili, limesimama wima, kama mwenyewe bado yumo ndani.

Alilichomoa. Hakujua la kulifanyia. Akarudi nalo nyumbani, na mbwa nyuma yake, na macho ya Suma yote mgongoni, na chokaa hakununua.

*

Sanduku halikumchukua muda kulijaza. Alikuja na vitu vichache, na vingi vilivyoongezeka havikuwa vya kubebeka: ukuta uliopigwa lipu, sakafu aliyoisugua kwa jiwe mpaka ikang'aa, madirisha mawili, mlango wa siku tisa. Fundi Nsajigwa alikuwa amekwenda kula. Basi lilikuwa linaondoka Tukuyu asubuhi.

Kilichomchelewesha ni mbwa. Kila alipofungua mfuniko Chokaa alichungulia ndani, na alipoufunga Chokaa akapanda juu na kulala. Alimshusha. Akapanda tena. Masizi alikuwa amelala kizingitini na buti la mzee kati ya miguu yake, hataki mtu alishike.

"Nani atawalisha?" Wakesho aliwauliza. Alikaa sakafuni. Nusu ya nyumba ilikuwa chini ya turubai na nusu nyingine chini ya mbingu, na matone makubwa ya kwanza yalianza kuanguka upande wa mbingu. Hakulia kwa ajili ya Lugano. Uchungu wa huyo ulikuwa bado haujamfikia, ulikuwa mbali sana ndani, mahali pa kuogopwa. Alilia kwa ajili ya kikombe.

"Hodi hapa."

Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye furushi kichwani na tope mpaka magotini, anayehema. Wakesho alimjua: Atupakisye, dada yake Mzee Ambindwile, shangazi wa Lugano. Alijifuta macho, akainuka, akamsalimu kwa mugonile kama alivyofundishwa, na shangazi akaitikia bila kumwondolea macho. Aliliona sanduku. Akaliona buti.

"Ni kweli, basi," shangazi alisema. "Nimeteremka garini sasa hivi natoka Igogwe, sijafika hata kwangu, watu watatu wamenisimamisha. Umemkimbiza?"

"Nilitaka kuzungumza naye, shangazi."

"Kwenye chai?"

"Alikimbilia huko."

"Na mbwa?"

"Walinifuata."

Shangazi Atupakisye aliteremsha furushi taratibu, akaliweka mahali pakavu, akatafuta kigoda, akaketi. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, machozi yakimtoka, akijipiga paja, akijaribu kuacha na akishindwa, na Wakesho alisimama mbele yake amekaza taya, akiwaza kwamba sasa yamekamilika, wamemtuma mtu aje kumcheka nyumbani kwake.

"Naondoka kesho," alisema. "Msijisumbue. Mwambieni tu aje achukue buti lake."

Kicheko kikakatika.

"Kaa chini, mwanangu," shangazi alisema kwa sauti nyingine. "Kaa. Kumbe hawakukwambia kitu. Hata yule mjinga mwenye misumari mdomoni hakukwambia?" Alimvuta mkono akamketisha. "Mzee alipokuwa anakuja hapa, mnakaa, anakutazama usoni, mnacheka, wewe ulikuwa nani wake?"

"Mtoto wa rafiki yake."

"Enhe. Mtoto wa rafiki, mgeni, jirani. Huyo anatazamwa. Mke wa mwanawe hatazamwi. Kwetu mkwe hakai na baba mkwe, hali naye, hamtaji jina. Akimsikia anakuja anajificha, na mzee naye anajificha. Vijana wa mjini wanapunguza, lakini ndugu yangu si kijana wala si wa mjini. Kumtazama mke wa Lugano, kwake, ni kukuvunjia heshima wewe."

Wakesho alisikia maneno yote. Yalichukua muda kupata pa kukaa.

"Mimi ndiye niliyetakiwa kuja Jumanne asubuhi kukufunga kitenge kilicho kwenye furushi hili na kukufundisha pa kupita na pa kutopita," shangazi aliendelea. "Alfajiri ile ile nikaitwa hospitali ya Igogwe, binti yangu Joyce anajifungua, na mtoto akatusumbua siku mbili. Basi mzee wa watu amekuwa anajificha peke yake, kazi ya watu wawili. Anazunguka mtoni. Anakimbia kwenye chai. Na wewe unamfukuza na mbwa."

"Kwa hiyo amekubali," Wakesho alisema polepole.

"Alikubali ile asubuhi ya kwanza ambayo hakuja."

Mvua ilinyesha upande ule usio na paa. Wakesho aliingojea furaha, na ilikuja, ilikuja kwa nguvu mpaka akashika ukingo wa sanduku. Lakini ilikuja imeshikana mkono na kitu kingine, na hicho kingine ndicho kilichozungumza kwanza.

"Na chai?"

Shangazi hakujifanya haelewi. "Hutakaa naye tena, mwanangu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mmoja wenu amzike mwenzake."

Wakesho alitazama nje, kwenye jiwe linalolowa. Akauliza kama mzee alilijua hilo alipokubali.

"Alilijua kuliko wewe. Nilikuwapo. Lugano alisema maneno yake, halafu kaka akanyamaza. Alinyamaza mpaka mimi nikajua anakataa, nikaanza kutafuta cha kumfariji kijana. Nikasema labda ni kweli, mwanamke wa mbali mkigombana anapanda basi. Akaniambia, huyu alishapanda basi. Alipanda kuja." Shangazi alivuta pua. " Kisha akasema, basi kesho sitakunywa chai. Akaenda kulala."

*

Lugano alifika jioni, lori limefungwa kwa kamba na maombi, mabati yakilia nyuma kama ngoma. Alikuwa amesimamishwa mara tano kutoka barabara kuu, na kila aliyemsimamisha aliongeza idadi ya mbwa. Aliingia mbio, akakuta shangazi ameketi jikoni akimenya ndizi kwa kelele nyingi kuliko ndizi zinavyohitaji, akapita moja kwa moja chumbani. Wakesho alikuwa dirishani. Sanduku lilikuwa bado limefungwa.

Alilitazama muda mrefu.

"Ulikuwa unaondoka."

"Ulisema nitajua."

"Nilisahau." Aliifungua mikono, hakuna msumari, hakuna mbao, mikono mitupu ambayo haikujua iende wapi. "Nimekuwa nakuona unapiga misumari na baba kila asubuhi, unacheka kama yeye, unakohoa kama yeye. Nilisahau kwamba hukukulia hapa."

"Siku tatu, Lugano. Nilihesabu kila mtu aliyepita bila kunisalimu. Fundi alipocheka nilidhani ananicheka. Kule Voi ilikuwa hivi hivi, na sikutaka tena kuwa wa mwisho kuambiwa. Nilitaka mara hii niwe nimeshaondoka."

Hakujitetea. Alisogea mpaka karibu, akasimama umbali ambao shangazi, angechungulia, asingekuwa na la kusema. Wakesho aliinua macho. Alikuwa na vumbi la safari kwenye nyusi, na woga mtupu, woga wa mtu aliyerudi akakuta nyumba imeungua nusu na anahesabu kilichobaki. Ukimya wa mtu huyu, aliona, haukuwa ule wa Voi.

"Utaondoka?" aliuliza Lugano.

"Mbwa hawataki."

"Nimekuuliza wewe."

"Paa halijafunikwa," Wakesho alisema. "Nani anaondoka nyumba haijafunikwa?"

Lugano alipumua. Akaliinua sanduku, akapanda ngazi, akalilaza juu ya mihimili, chini ya ukingo wa turubai, mwishoni kabisa, mahali ambapo kesho bati la kwanza lingelifunika. Kisha akashuka, na kwa sababu ndizi jikoni zilikuwa zimenyamaza ghafla, hakumgusa, alimtazama tu, na Wakesho akatazamwa mpaka akageuza uso.

*

Asubuhi alichemsha chai mapema. Kabla ya hapo alikuwa amemwuliza shangazi, aliyelala pale, kama ni kosa kikombe kukaa juu ya jiwe pasipo mtu. Shangazi alijifunika shuka, akajibu kwamba jiwe si mtu na yeye amelala hajaona kitu.

Aliweka kikombe juu ya jiwe. Kando yake akaweka buti, limeoshwa, limejazwa majani makavu ya mgomba ili likauke. Kando ya buti, kopo la misumari iliyopinda. Akajifunga kitenge kipya na aproni ya kazi, akaingia ndani, akafunga mlango, akasimama nyuma yake, kiganja juu ya mbao.

Aliwaza kwamba hatakuja. Mtu aliyefukuzwa mbele ya wachumaji wote ana haki ya kutokuja. Ukungu ulikuwa ukipita mlangoni chini, baridi, ukimgusa vidole vya miguu. Chai ilikuwa inapoa.

Kutoka chini ya kijinjia ukasikika mluzi.

Mzee Ambindwile hakuwahi kupiga mluzi katika miezi mitano yote. Alipiga mrefu, wa makusudi, wa mtu anayetaka asikike kabla ya kuonekana, na Chokaa na Masizi wakaruka, wakashuka wakibweka mpaka kilima cha pili kikajua. Wakesho alielewa. Mbwa ndio kengele. Kuanzia leo kila akisikia hivyo, atajua pa kusimama.

Hatua zikapanda, moja ya buti, moja ya kandambili. Zikafika kwenye jiwe. Zikasimama. Majani makavu yakachakarishwa. Mguu ukaingia mahali pake. Kisha funda moja. Halafu la pili.

"Masizi," sauti ya mzee ilisema huko nje, polepole, kama ya mtu asiye na haraka. "Mwambie mama yako sukari imezidi. Baba yake naye alikuwa hivyo hivyo, mkono wake haukujua kuacha."

Masizi hakusema kitu.

"Na wewe Chokaa. Mwambie alikimbia vizuri. Kwa chai iliyopogolewa, alikimbia vizuri fijo."

Wakesho aliziba mdomo kwa kitenge. Machozi yalikuwa yanashuka na kicheko kilikuwa kinapanda, na mlango wa siku tisa ulikuwa unatetemeka kidogo chini ya kiganja chake. Nje, kitu kilichotoka koponi kiligusa jiwe.

Tok tok.

Aliinama pale alipokuwa, kizingitini kwa ndani, penye tofali moja lililobaki. Akatoa nyundo yake ndogo mfukoni mwa aproni. Akatoa na msumari mmoja uliopinda, akaulaza juu ya tofali, akaupiga mara mbili.

Nje kukawa kimya, kama mtu anayesikiliza.

Kisha nyundo ikajibu.